Mabua Usiyatie Moto

Leo habari yetu ni mabua.

Mavuno yakiisha, mashamba mengi huwaka moto. Ni kweli, moto husafisha shamba. Lakini naitrojeni iliyokuwa ndani ya mabua hupaa na moshi, halafu msimu ukifika mkulima yule yule huenda dukani kununua mbolea ya chumvichumvi. Hiyo ni hasara mara mbili.

Wengine watasema: "Mbona sisi tuliyafukia, na mahindi yakatoka ya njano?" Hutokea. Vijidudu vinavyokula bua kavu huhitaji naitrojeni, na bua lina kidogo sana. Basi huichukua udongoni, mche ukabaki na njaa. Kwa hiyo mabua yaozeshwe kwanza, ndipo yapelekwe shambani.

Sasa, kwa nini bua ni gumu kuoza? Ndani yake mna kitu kiitwacho lignini. Fikirini ukuta wa nyumba ya udongo. Fito ni selulosi, chakula kizuri cha vijidudu. Lignini ni udongo uliokandikwa, umezishika fito zote. Bakteria wengi hawauwezi udongo huo. Wanaoubomoa ni wachache: kuvu, hasa wale wa uyoga uotao kwenye magogo, na kundi la bakteria waitwao aktinomaiseti. Hawa mnawafahamu bila kujua, kwani ile harufu ya udongo mvua ya kwanza inaponyesha hutoka kwao. Hata mchwa wana akili hiyo: baadhi yao hulima kuvu ndani ya kichuguu ili iwalainishie miti, na ndiko hutoka uyoga tunaoula.

Haya, tufanyeje? Katakata mabua vipande vya shubiri moja. Tandaza mabua kimo cha sentimita 20, juu yake samadi au majani mabichi ya kunde sentimita 5 mpaka 10, kisha udongo kidogo wa juu, maana ndani yake mna mbegu ya vijidudu. Nyunyiza maji. Rudia hivyo mpaka lundo lifike mita 1.5, ulifunike kwa nyasi. Chomeka fimbo ndefu katikati.

Baada ya wiki moja ichomoe fimbo uishike. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi inaendelea. Ikiwa kavu, ongeza maji. Ikiwa baridi, ongeza samadi. Lundo likinuka vibaya, maji yamezidi na hewa imekosekana. Lignini haivunjiki vizuri pasipo hewa, kwa hiyo geuza lundo kila baada ya wiki tatu hivi. Na ukiona ndani unga mweupe kama majivu, usidhani limeharibika. Hao ni aktinomaiseti na kuvu, wako kazini!

Katika miezi mitatu au minne utapata mboji nyeusi yenye harufu ya udongo. Si lignini yote itakuwa imekwisha. Inayobaki husaidia kuifanya mboji ishike maji, na jua linapokaza utaona faida yake.

Basi ndugu mkulima, kabla hujawasha kiberiti, tafuta panga na fimbo. Kwaherini, mpaka kipindi kijacho.