Ulimwengu Laini na Miiba Yake

Watoto wetu hurejea kutoka shule na picha ya ulimwengu unaotanuka sawasawa pande zote, mfano wa andazi linaloumuka. Picha hiyo ina asili ya heshima. Alexander Friedmann mwaka 1922, na Georges Lemaître mwaka 1927, waliitoa katika nadharia ya mvutano aliyoikamilisha Albert Einstein mwaka 1915. Lakini wote wawili walichukulia kwamba maada imetandazwa sawasawa, ilhali ulimwengu tuuonao una vilima na mabonde. Je, tukiurudisha nyuma kuelekea mwanzo wake, tofauti hizo hufifia au huzidi kuwa kali?

Mwaka 1963, huko Moscow, Evgeny Lifshitz na Isaak Khalatnikov walitoa hoja kwamba ulimwengu usio na ulinganifu haufikii, kwa kawaida, msongamano usio na kikomo. Mwaka 1965 Roger Penrose alithibitisha kwamba hata nyota inayoporomoka haiokolewi na kukosa ulinganifu, na Stephen Hawking akaipeleka hoja hiyo kwenye ulimwengu mzima. Wanazuoni wa Moscow hawakung'ang'ania. Wakiwa pamoja na Vladimir Belinski walizirudia hesabu zao, na mwaka 1970 walieleza upya: karibu na mwanzo, kila mahali hufuata njia yake, anga ikinyooshwa upande mmoja na kubanwa pande nyingine, kisha pande hizo zikabadilishana zamu.

Mwaka 1993 Beverly Berger na Vincent Moncrief, wakipiga hesabu hizo kwa kompyuta, waliona ncha kali zikichomoza kama miiba. Tufikirie mvua juu ya paa. Matone ya kulia huteremka kulia, ya kushoto huteremka kushoto, ila tone lililoangukia mgongoni kabisa husita. Ndivyo ilivyo hapa: majirani huendelea na mabadiliko, mahali pamoja hubaki nyuma, na pengo baina yao huzidi kuchongoka. Mwaka 2008 Woei Chet Lim aliiandikia miiba hiyo fomula kamili.

Basi mtoto akituuliza, tusimnyang'anye andazi lake. Tumwambie kwamba ni kielelezo chenye manufaa na chenye mipaka. Tena tumsimulie habari za wale wa Moscow, waliokuwa na jina kubwa la kulinda, wakachagua kusahihisha.