Je, Wajua? Jongoo Anayembembeleza Jike kwa Sauti

Jongoo-mpira wa Madagaska akishtuka hujikunja akawa duara. Kichwa, miguu, vyote ndani! Wale wakubwa kabisa hufikia ukubwa wa chungwa.

Sasa dume afanyeje, jike akijifungia hivyo? Ana miguu maalumu nyuma kabisa. Huisugua kwenye ukingo wa gamba lake la mwisho, ikatoka sauti ya kukwaruza yenye mtetemo. Jike akiitambua, hukunjuka. Wimbo mtamu kuliko huo sijui kama upo msituni.

Mayai hutagwa mojamoja, kila moja ndani ya kifuko cha udongo.

Kumfuga ni kugumu. Riziki yake ni majani na miti iliyooza. Mlishe matango tu, atadhoofika hadi kufa, sahani ikiwa imejaa.