Unywele Unapoota Juu ya Jicho

Kope inayopinda ikakwaruza jicho twaijua sote. Lakini unywele wenye shina lake juu ya jicho lenyewe ni jambo ambalo hata wazee wengi hawajaliona, na likitokea nyumbani huzua hofu na maneno.

Asili yake ni kipele cheupe au cha manjano hafifu anachozaliwa nacho mtoto, mara nyingi pale weupe wa jicho unapokutana na kioo chake cha mbele, yaani konea, upande wa chini kuelekea sikioni. Matabibu hukiita demoidi. Mtoto alipokuwa akiumbika tumboni, kipande cha ngozi kilikaa pasipo mahali pake. Na kwa kuwa ni ngozi, ndani yake huwamo mafuta, tezi za jasho na mashina ya nywele. Si saratani, wala hakiambukizi. Huweza kutulia miaka mingi hata kijana abaleghe, kisha kikakua kidogo na unywele mmoja au miwili ukachomoza.

Hapo twawasihi akina mama wasikimbilie kibano. Unywele uliong'olewa utaota tena, na jicho lililochokorwa huweza kupata jeraha likatunga usaha. Wanja na maji ya majani havina kazi hapa. Na kusema kwamba binti amepatwa na kijicho cha watu, au kwamba mamake alitazama kitu kibaya akiwa mjamzito, ni kuwatwika mzigo wasio na kosa.

Hata hivyo, unywele ndio udhia mdogo. Kipele huweza kuupotoa mviringo wa konea, mtoto akaona ukungu kwa jicho hilo. Ubongo wake huzoea kulitegemea jingine, na lile likadhoofika bila yeye kulalamika. Udhaifu huo hutibika vyema zaidi katika miaka saba hivi ya mwanzo, kwa miwani na kwa kulifunika jicho lenye nguvu saa kadhaa kila siku. Kwa hiyo neno "hakimsumbui" lisiwe sababu ya kungoja.

Kipele kidogo daktari huweza kukiacha. Kikubwa hukwanguliwa kwa upasuaji. Kilichozama huenda kikahitaji konea ya kupandikizwa, na miwani mara nyingi hubaki palepale. Atamkagua pia masikio na uti wa mgongo, kwani tangu 1952, Maurice Goldenhar alipoeleza hali hiyo, yajulikana kwamba dosari hizi huweza kufuatana.

Ama weupe unaong'aa ndani ya mboni, hasa katika picha ya simu iliyopigwa kwa taa, hiyo ni habari nyingine. Huenda ikawa saratani ya jicho la mtoto, nayo haingoji wiki.