Kiingereza cha mpakani: maneno madogo yanayokula faida

RWIMBOGO, Rusizi — Mfanyabiashara wa Rwimbogo anaweza kununua mchele Bugarama kwa Kinyarwanda, kuuza Bukavu kwa Kiswahili, kupokea ankara iliyoandikwa kwa Kifaransa na kujaza fomu ya forodha kwa Kiingereza, yote hayo ndani ya siku moja. Lugha tatu za kwanza zimezoeleka mdomoni. Ya nne ndiyo inayoleta manung'uniko mengi, na mara nyingi lawama huwaangukia wasioijua.

Lakini anayejua kwamba hajui huuliza. Hasara kubwa zaidi hutoka kwenye maneno na tarakimu ambazo kila upande unaamini umezielewa, kumbe kila mmoja amesoma jambo lake.

Tarafa ya Rwimbogo iko katika wilaya ya Rusizi, inayopakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Burundi. Kwa miaka mingi Kifaransa ndicho kilichounganisha ofisi za nchi hizi tatu, na ndicho walichokitumia tangu mwaka 1976 zilipoanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL. Kisha mambo yakabadilika haraka. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kufundisha shuleni kwa Kiingereza, na mwaka 2009 ikajiunga na Jumuiya ya Madola. Kongo nayo ikaingia Afrika Mashariki mwaka 2022.

Matokeo yake yanaonekana ndani ya familia moja. Mama aliyesoma kabla ya 2008 anaandika hesabu zake kwa mtindo wa Kifaransa, na binti yake anayemsaidia dukani anazisoma kwa mtindo wa Kiingereza. Wote wawili wamefundishwa vizuri, ila hawakufundishwa kitu kimoja.

Nukta na mkato

Tatizo linaanzia kwenye tarakimu. Kwa mtindo wa Kiingereza, mkato hutenganisha maelfu na nukta huonyesha desimali. Kwa mtindo wa Kifaransa, mkato ndio wa desimali, na wengi waliousoma huweka nukta au nafasi kwenye maelfu. Kwa hiyo "1.250 kg" iliyoandikwa Bukavu inaweza kuwa kilo elfu moja mia mbili na hamsini, na msomaji wa Kampala akaona kilo moja na robo.

Kwa gunia la mchele hakuna atakayedanganyika, maana macho yanaona mzigo. Hatari iko kwenye vitu vidogo vyenye thamani kubwa, na kwenye fedha. Utaratibu wa biashara uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mfanyabiashara mdogo kutumia cheti chepesi cha uasili kwa bidhaa za Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola za Marekani 2,000. Ankara yenye "2.000" au "1,950" isiyoeleweka ni sababu tosha ya kusimamishwa kwenye foleni na kuulizwa maswali huku nyanya zikiiva juani.

Neno "billion" nalo lina mtego wake. Kwa Kiingereza cha leo ni milioni elfu moja. Kwa Kifaransa, kiasi hicho huitwa "milliard", na "billion" ni milioni mara milioni. Waingereza wenyewe walikuwa wakihesabu hivyo zamani, mpaka serikali yao ilipohamia rasmi kwenye hesabu ya Kimarekani mwaka 1974.

Sura moja, maana mbili

Kundi la pili ni maneno yanayofanana kwa sura katika Kifaransa na Kiingereza, lakini yana maana tofauti. Mtu aliyesoma Kifaransa akiandika Kiingereza huyabeba yalivyo.

Mfano ni "eventually". Mteja wa Bukavu anapoandika kwamba atalipa "eventually", huenda kichwani ana neno la Kifaransa "éventuellement", yaani labda, ikiwezekana. Muuzaji wa Nairobi anasoma kwamba hatimaye atalipwa, ingawa kwa kuchelewa. Mmoja hakuahidi chochote, na mwenzake ameshapanga matumizi ya fedha hizo.

Neno "delay" ni hatari zaidi katika mikataba. Kwa Kifaransa "délai" ni muda uliowekwa wa kutimiza jambo. Kwa Kiingereza "delay" ni ucheleweshaji. Basi "delay of payment: 30 days" mmoja ataisoma kuwa anatakiwa kulipa ndani ya siku 30, na mwingine kuwa ameruhusiwa kuchelewa siku 30 baada ya tarehe ya malipo.

Anayekodi stoo atakutana na "caution". Kwa Kifaransa ni fedha ya dhamana anayoiacha mpangaji kwa mwenye nyumba. Kwa Kiingereza ni tahadhari tu. Mpangaji aliyeona "caution: 3 months" na kudhani ni onyo anaweza kushtuka anapodaiwa kodi ya miezi mitatu ya ziada.

Mengine hayali fedha moja kwa moja, lakini hula uhusiano. Kwa Kifaransa "demander" ni kuomba tu, ilhali "demand" ya Kiingereza ni kudai kwa ukali. Mteja anayeomba punguzo kwa heshima anaonekana mtovu wa adabu. Vivyo hivyo "actually": Mfaransa ana "actuellement", yaani kwa sasa. Anayesema kwamba bei "actually" ni faranga 1,200 anataka kusema bei ya leo. Mwenzake anasikia kwamba ile aliyoambiwa jana ilikuwa uongo. Na kibao cha dukani chenye neno "SALE", kinachotangaza punguzo kwa Mkenya, kwa msomaji wa Kifaransa kinasema "chafu".

"Yes" inayokubali hapana

Lawama zisitupwe kwa Kifaransa peke yake. Lugha zetu nazo zina mkono humo. Afisa akiuliza kwa Kiswahili, "Huna bidhaa nyingine?" mtu asiye nazo hujibu, "Ndiyo," akimaanisha ndiyo, sina. Kwa Kiingereza, mtu huyo alipaswa kujibu "no". Akijibu "yes" anaweza kueleweka kuwa anazo. Jibu salama ni sentensi nzima: sina bidhaa nyingine.

Kinyarwanda hakitofautishi maana ya maneno kwa sauti za "l" na "r", kwa hiyo "collect" na "correct" hutoka mdomoni karibu sawa. Anayeambiwa kwa simu aende ku-"collect" ankara ataifuata ofisini. Aliyepiga simu pengine alitaka irekebishwe kwa kuwa ina kosa.

Kiswahili pia kina neno "azima", linaloweza kutumika kwa anayetoa na anayepokea. Ndipo linapozaliwa "he borrowed me 50,000", maneno yanayosikika Kenya, Uganda na Rwanda. Msikilizaji hawezi kujua nani anamdai nani. Neno "balance" liko hivyo hivyo: Kampala na Nairobi wengi huliita chenji wanayorudishiwa, lakini kwenye daftari la hesabu ni kiasi kilichobaki, ambacho kinaweza kuwa deni.

Saa na siku

Wengi katika ukanda huu huhesabu saa kuanzia mapambazuko, kwa hiyo saa mbili asubuhi ni 8:00 kwa Kiingereza. Ujumbe wa kukutana na lori "at 2" unaweza kumfikisha mmoja saa sita kabla ya mwenzake. Hata "12 am" na "12 pm" huwachanganya Waingereza wenyewe, ambao pia hawakubaliani kama "next Friday" ni Ijumaa hii inayokuja au ya wiki inayofuata. Kamusi zao zinalipa neno "biweekly" maana mbili: mara mbili kwa wiki, na mara moja kila wiki mbili. Kwa anayeahidi kupeleka mayai sokoni, hiyo ni tofauti ya safari nne kwa safari moja.

Tarehe nayo iangaliwe. Kwetu 05/06 ni tarehe tano Juni. Kwa Wamarekani ni Mei 6. Kwenye bidhaa yenye tarehe ya mwisho wa matumizi, kosa hilo ni hasara ya katoni nzima.

Kinga isiyohitaji shule

Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikifanya Kiingereza lugha rasmi, na ikataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Nchini Rwanda, Kiswahili kimekuwa lugha rasmi tangu mwaka 2017. Mfanyabiashara ana haki ya kuomba aelezwe karatasi kwa Kiswahili kabla ya kuitia saini, na asione haya kufanya hivyo.

Zaidi ya hapo, hatua chache zinatosha. Kila kiasi cha fedha kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na jina la sarafu, kwa kuwa "faranga" ya Kigali si ya Kinshasa wala ya Bujumbura. Mwezi uandikwe kwa jina. Saa itajwe pamoja na asubuhi, mchana au usiku. Deni liandikwe kwa kumtaja anayelipa, anayelipwa na siku ya mwisho ya malipo. Na mkiagana kwa simu, yule aliyepokea maagizo ayarudie kwa maneno yake mwenyewe. Kurudia huko huchukua dakika moja, na mara nyingi ndiko kunakofichua kwamba wawili hao walikuwa bado hawajakubaliana.