Ombi la Hifadhi Likikataliwa: Milango Iliyobaki Kisheria

Kukataliwa kwa ombi la hifadhi na kufukuzwa nchini ni hatua mbili tofauti katika sheria za Tanzania, na wanaoumia zaidi ni wale wanaozichanganya, kwa kuwa mtu anayeichukulia barua ya kukataliwa kuwa ndiyo amri ya kuondoka hukimbilia mafichoni, na huko huupoteza muda wa kudai haki ambayo bado anayo. Mwomba hifadhi ni mtu anayesubiri kutambuliwa kuwa mkimbizi, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka aripoti ndani ya siku 7 tangu aingie nchini, kwa ofisa aliyeidhinishwa, kwa mtendaji wa kijiji au kwa mlinzi wa amani. Ndiyo maana katika kata kama Digodigo, wilayani Ngorongoro, iliyo karibu zaidi na mpaka wa Kenya kuliko na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta mkoani Kigoma, ombi linaweza kuanzia katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, na nakala yenye mhuri na tarehe ya siku hiyo ni karatasi ya kutunzwa kuliko zote, kwani huonyesha kwamba mhusika hakuingia kwa kujificha.

Anayekataliwa baada ya kuhojiwa na kamati ya kitaifa inayochunguza maombi ya hifadhi anaweza kumwomba Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi aupitie upya uamuzi huo, na ombi hilo linapaswa kupelekwa mapema, kwa maandishi, likijibu sababu za kukataliwa moja baada ya nyingine badala ya kurudia tu simulizi ya mateso. Waziri naye akikataa, hubaki Mahakama Kuu kwa njia ya mapitio ya kimahakama, yaani uchunguzi wa namna uamuzi ulivyofikiwa: je, mhusika alisikilizwa, na sheria ilifuatwa? Kibali cha kufungua shauri hilo huombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Mahakama haimpi mtu ukimbizi, bali inaweza kuutengua uamuzi mbovu ili ombi lisikilizwe upya, jambo lenye thamani kubwa kwa aliyehojiwa kwa haraka au bila mkalimani anayeaminika.

Juu ya yote hayo ipo kanuni ya kutomrudisha mtu kwa nguvu mahali ambako uhai au uhuru wake uko hatarini, iliyomo katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambayo yote miwili inaifunga Tanzania. Uzito wa kusikilizwa kabla ya kufukuzwa ulidhihirika tarehe 22 Machi 2018, pale Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilipoamua kwamba Tanzania ilimfukuza kiholela mtu aliyenyang'anywa uraia, ambaye Kenya nayo ilimkataa, akabaki akiishi katika ardhi isiyo ya nchi yoyote huko Sirari. Kwa masikitiko, mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja.

Mlango wa kikanda ulio wazi zaidi sasa ni Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, ambayo mkazi wa nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kuiendea bila kumaliza kwanza mahakama za ndani. Vijiji 4 vya Loliondo, katika wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro, viliitumia katika mgogoro wa ardhi, na Septemba 2018 vilipata zuio la muda dhidi ya kuondolewa wakati kesi ikiendelea. Zuio la namna hiyo ndilo analolihitaji kwanza mtu anayehofia kufukuzwa. Muda wa kufungua shauri huko ni miezi 2 tu, kwa hiyo wakili au msaidizi wa kisheria hana budi kuonwa katika wiki ileile barua ya kukataliwa inapopokelewa.