Kabla ya Kuchimba Kisima, Mnunuzi na Mtafiti Wasikilizane

Tunajua kaunti hununua saruji na madawati. Je, mnajua kwamba hununua pia utafiti? Kabla ya kisima kirefu kuchimbwa, mtaalamu hupima maji ya chini ya ardhi, na ripoti yake hupelekwa kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji pamoja na maombi ya kibali. Mtaalamu huyo hupatikana kwa zabuni, na hulipwa kwa kodi yetu.

Saruji tunaihesabu kwa mifuko. Utafiti hauhesabiki hivyo. Kaunti ikiuliza tu, "Kuna maji hapa?" mtaalamu atajibu, "Yapo." Pampu inafungwa, kumbe maji ni ya chumvi, au yana floraidi nyingi inayoharibu meno ya watoto, kama ilivyo sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Pesa zimekwisha, na akina mama bado wanabeba mitungi. Kama angeambiwa apime pia maji ya visima vya jirani, tungeonywa mapema.

Basi ushirikiano unafanyika namna gani?

1. Kabla ya zabuni, kaunti iketi na wananchi na kuandika wazi inachotaka kujua: watu ni wangapi, mifugo mingapi, maji ni ya kunywa au ya kunyunyizia.

2. Wakati wa zabuni, swali la mwombaji mmoja lijibiwe kwa maandishi kwa waombaji wote. Zabuni zikishaanza kupimwa, mwombaji asiwashawishi wanaozipima. Kumpigia afisa simu usiku si ushirikiano, ni ufisadi.

3. Baada ya mkataba, mtaalamu aeleze mpango wake kabla ya kuanza. Kaunti nayo impe rekodi za visima vya zamani. Akikuta shida aseme mapema, asingoje siku ya ripoti.

Katiba ya 2010, kifungu cha 227, inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Kifungu cha 35 kinampa kila mwananchi haki ya kupata habari. Andikeni barua, mwombe kuona ripoti ya kisima chenu. Kwa sheria ya 2016, mnapaswa kujibiwa ndani ya siku 21.

Tusingoje shimo kavu ndipo tuulize. Katika mkutano ujao wa kikundi chenu, jadilini: sisi tungetaka mtafiti atujibu maswali gani?