Wivu wa mapenzi: Dakika chache zinazozaa msiba

WIVU ni mgeni asiyekosekana penye mapenzi. Wapo wanaousifu na kusema kuwa asiyeona wivu hapendi. Hata hivyo, kumbukumbu za mahakama zinaonyesha kuwa wivu ukiachwa bila kudhibitiwa huweza kumgeuza anayependa kuwa muuaji wa yule yule ampendaye.

Katika maeneo kama Nyololo, wilayani Mufindi, mkoani Iringa, mazingira yenyewe huupa wivu nafasi. Mji huo mdogo uko kando ya Barabara Kuu ya Tanzania na Zambia, katika wilaya inayofahamika kwa chai na mbao. Dereva wa lori hulala safarini, na mpasua mbao hukaa msituni siku nyingi. Kinachowaunganisha na wenzi wao ni simu, na pale isipopokelewa ndipo shaka huanza.

Mijini nako hali haina tofauti kubwa. Usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012, mwigizaji maarufu wa filamu, Steven Kanumba, alifariki dunia nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 28. Mahakama ilielezwa kuwa ugomvi kati yake na mwigizaji mwenzake, Elizabeth Michael maarufu kama Lulu, ulianzia kwenye simu aliyopigiwa msichana huyo.

Lulu alikana kumsababishia kifo. Novemba 13, 2017, Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka miwili. Simu moja iliacha mmoja kaburini na mwingine gerezani.

Jambo hili si geni duniani. Zaidi ya miaka 400 iliyopita, Shakespeare aliandika tamthilia ya Othello, inayomhusu jemadari anayemuua mkewe asiye na hatia, huku moja ya alama alizoziamini zikiwa ni leso tu. Leo leso hiyo imekuwa simu. Mwenye wivu hatafuti ukweli. Hutafuta kinachothibitisha alichokwisha kukiamini.

Hatari huongezeka pale mapenzi yanapohesabiwa kama deni. Aliyegharamia ada, kodi ya nyumba au mtaji wa biashara huanza kujiona mmiliki, na mwenzake akitaka kuondoka, huona ameibiwa. Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wenzi wao au watu wa familia zao.

Sheria inasemaje? Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inatoa adhabu ya kifo kwa anayeua kwa kukusudia. Aliyeua kutokana na ghadhabu ya ghafla, baada ya kuchokozwa na kabla hasira haijapoa, huweza kuhesabiwa kuwa ameua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha.

Maneno "kabla hasira haijapoa" ndiyo kiini cha suala zima. Aliyepata muda wa kutafakari kisha akaenda kuchukua panga hawezi kujificha nyuma ya wivu. Na muda huo huo unaoweza kumnyima mshtakiwa utetezi ndio unaoweza kuokoa maisha, endapo mtu atatoka nje, akalala kwa ndugu au akamwita mzee wa kusuluhisha.

Wanandoa wanayo mabaraza ya usuluhishi chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Wasiofunga ndoa nao, sawa na wanandoa wanaotishiwa, wanaweza kufika katika Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi. Kitisho cha "nitakuua kisha nijiue" si maneno ya mahaba bali ni taarifa ya kupelekwa huko mapema.

Wahenga walisema hasira hasara. Penzi lililokwisha huumiza, lakini mwenye maumivu hayo bado yu hai, na huenda kesho akapenda tena.